Ito la Kushoto: Siku Tisa Amu na Matondoni

Jumapili

Nimetoka Mombasa kabla ya adhana ya alfajiri. Mzigo wangu mkubwa ni duara la ubao lililofungwa kwa leso ya mama. Upana wake shubiri moja na nusu, unene vidole viwili. Limechongwa mwezi mwandamo ulioinuka kidogo, nyota katikati ya pembe za mwezi, na chini yake shina la maua linalopanda. Rangi imekauka na kubanduka. Limekaa ukutani sebuleni kwetu tangu nipate fahamu, na kila likiguswa huyumba, halitulii ukutani hata siku moja. Nilidhani ubao umejipinda kwa uzee.

Mama anasema ni jicho la jahazi la babu. Babu alikuwa nahodha, akipakia boriti Lamu na kuziteremsha Bandari ya Kale, Mombasa. Mjomba anakataa. Kwa maneno yake, jahazi liliuzwa zamani likavunjwa huko huko, na duara hili babu alilinunua dukani uzeeni kama pambo. Wamebishana hivyo miaka mingi, na babu hayupo wa kuwaamua. Mimi ni seremala wa vitanda na makabati. Nakshi ya kitanda naijua, ya mlango naijua, lakini mbele ya duara hili sikujua nianzie wapi kulisoma. Ndiyo maana ya safari.

Malindi tulifika jua halijapata ukali. Garsen tukavuka Mto Tana, kisha Witu, kisha vizuizi vya polisi kimoja baada ya kingine. Kwenye kimoja askari aliniambia nifungue leso. "Ni nini hiki?" Nikamwambia ni jicho la chombo. Alilishika kwa mikono miwili, akalitazama kuliko alivyotazama kitambulisho changu, akanirudishia. Ni karibu kilomita 350 mpaka Mokowe, mahali gari linapokoma, na abiria wote wanashuka kuingia boti.

Mlangoni mwa bahari pale tulipishana na mashua iliyobeba mawe ya Manda, imezama mpaka karibu na ukingo. Kwenye omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kila upande lilikuwako duara jeupe lenye mwezi. Abiria wenzangu walikuwa wakizungumzia nauli. Mimi nilisimama nikashindwa kukaa mpaka mashua ile ikapotea nyuma ya boti la mchanga.

Shangazi alinipokea gatini Langoni. Jambo la kwanza alilonisahihisha ni neno. Huku Amu, yaani Lamu, hawasemi jicho na macho. Ni ito na mato. "Ukenda kwa mafundi ukasema jicho la jahazi, watakujua umetoka bara," alisema. Kwake Mombasa ni bara.

Jumatatu

Asubuhi nilikwenda Makumbusho ya Lamu, kwenye jumba lile linalotazama bahari. Siwa mbili, baragumu za heshima, zimo humo, ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ya shaba ya Amu, na ningeweza kuandika ukurasa mzima juu yake, lakini nilikuwa na haja moja. Nilisimama mbele ya mfano wa mtepe, chombo cha kale cha pwani hii.

Mtepe haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa miaa, pana na la mraba, mbali kabisa na tanga la pembe tatu tunalolijua leo. Omo yake ilipanda juu kama shingo, na wazee wa pwani walisema ni shingo ya ngamia wa Mtume. Na chini ya shingo hiyo, mato. Yalipakwa rangi: duara ndani ya duara. Hakuna mtepe unaosafiri siku hizi. Majahazi ya misumari yalikuja na mkuku mpya, ule uti wa chini wa chombo, tanga jipya, chuma badala ya kamba. Karibu kila kitu kilibadilika, ila mato yakahama kutoka chombo hadi chombo. Hilo lilinishika. Watu huacha kamba, huacha tanga, wanakubali chombo kigeuke chote, lakini hawakubali kiende baharini bila kuona.

Kutoka hapo nilitembea Ndia Kuu polepole nikisoma milango. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wageni wengi hupiga picha milango na kupita. Seremala hutazama mkono. Kuna mistari iliyochimbwa na mtu mwenye subira, na kuna iliyochimbwa na mtu anayetaka kumaliza kabla ya magharibi, na miaka mia haifichi tofauti hiyo. Hapa ndipo alipoishi Muhammad Kijuma, aliyefariki 1945. Alitunga mashairi, alinakili tendi kwa khati iliyosafirishwa mpaka Ulaya, na alichonga milango. Nilikuwa nikilisikia jina lake kwa upande wa ushairi tu. Leo, nikiwa nimesimama mbele ya mlango wenye shina la maua linalojisokota kama pambizo la msahafu, nimeelewa kwamba kalamu na patasi zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na ruwaza moja ilikuwa ikizunguka. Siyu, kisiwa cha Pate, misahafu ilipambwa pambizoni kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano. Naona maua ya pambizo yale yalitoka kwenye karatasi yakaingia kwenye mbao, na kutoka mbao za nyumba yakashuka ufuoni.

Katika karakana moja, mchongaji wa milango alikuwa ameketi chini, ubao ameubana kwa nyayo zake mbili, nyundo ikigonga patasi kwa mwendo mmoja. Nilifungua leso. Alipitisha kidole gumba ndani ya mitaro ya mwezi, mara tatu.

"Hii si kazi ya mlango," alisema. "Tazama kuta. Mimi kuta zangu husimama wima, nataka kivuli. Huyu amezilaza. Alitaka maji yasikae."

Nikamwuliza ni mkono wa nani. Akatikisa kichwa. "Mimi ni wa nyumba. Mambo ya vyombo, nenda Matondoni."

Jumanne

Matondoni iko upande wa pili wa kisiwa. Ukisubiri maji yajae unaenda kwa mashua, mimi sikusubiri. Nilikwenda kwa miguu, mwendo wa saa mbili kwenye mchanga na mashamba ya minazi na miembe, duara mgongoni. Kijiji hujitambulisha kwa sauti kabla hujakiona: tezo, shoka dogo la kuchongea, ikila mti, na nyundo ya kalafati, ya kuziba nyufa, ambayo mlio wake ni mkavu zaidi.

Chini ya banda la makuti kulikuwa na mashua mpya, urefu wake dhiraa kama ishirini, imesimama juu ya magogo. Mbao za ubavuni zilikuwa zimekwisha pigwa, na kwa ndani mataruma yalionekana kama mbavu za ng'ombe. Fundi mkuu ni mzee mwembamba mwenye kofia ya vito iliyofifia. Nilimwamkia, nikamtaja babu kwa jina la jahazi lake, akasema majahazi ya jina hilo yalikuwa mengi. Hakunipa matumaini hata kidogo, na nilimheshimu kwa hilo.

Alichukua duara. Nilitegemea atatazama nakshi. Hakuitazama. Aliligeuza, akatazama mgongo.

"Mwanangu, ulilitundika wapi?"

"Ukutani, mzee."

"Likatulia?"

"Halikutulia."

Akanishika mkono akanipitisha vidole mgongoni mwa duara. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuushika kwa nia ya kuujua. Ulikuwa umechimbwa. Alama za tezo zilikuwa wazi, ndogo ndogo, zikiteremka kutoka kingo mbili kuelekea katikati, zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Fundi akaenda nalo mpaka kwenye omo ya mashua mpya, akaliegemeza ubavuni. Halikukaa barabara, maana chombo si kile, lakini nililiona linatafuta mahali pake. Ubavu wa chombo una uvimbe, na mgongo wa ito hufuata uvimbe huo. Pambo la dukani mgongo wake ni bapa, kwa sababu litakaa ukutani. Ubao wangu haukuwa umejipinda. Ulikuwa unatafuta jahazi.

Hakuishia hapo. Alichukua patasi nyembamba, akaomba ruhusa yangu, akakata rangi kwenye ukingo kwa mshazari, kipande kisichozidi ukucha. Rangi ikajitokeza kwa matabaka kama kitunguu: nyeupe, nyekundu iliyokolea, nyeupe, kijani, nyeupe tena. Chombo hupandishwa ufuoni mara moja kwa mwaka, miezi ya kusi kali ambapo bahari haipitiki vizuri. Hukwanguliwa, hutiwa kalafati upya, chini hupakwa deheni, yaani chokaa na mafuta ya mnyama, na juu rangi. Tulihesabu pamoja, yeye akigusa kwa ncha ya patasi. Matabaka kumi na tisa.

"Misimu kumi na tisa, kama hakuruka mwaka," alisema. "Na hili ni la kushoto."

Nikamwuliza amejuaje. Akaelekeza pembe za mwezi. Kwake yeye, na kwa waliomfundisha, mato hutazama mbele: pembe za mwezi huelekea chombo kinakokwenda. Ukisimama nje upande wa kushoto, omo iko kushoto kwako, na pembe za babu zinaelekea kushoto.

Usiku nilimpigia mama. Nilipomwambia kumi na tisa alinyamaza, kisha nikamsikia akihesabu miaka kwa sauti ya chini, akitaja nani alizaliwa lini, nani aliolewa lini. Aliniomba nimpigie mjomba mimi mwenyewe. Nikamwambia bado.

Jumatano

Nimeomba nikae. Fundi amekubali kwa sharti kwamba nifanye kazi, na mwenye mashua, mvuvi wa hapa hapa, akauliza mbele yangu kama mato ya chombo chake yanaweza kuchongwa kwa ruwaza ya babu. Sikuweza kujibu mara moja.

Kazi niliyopewa ni kubeba. Nimejifunza miti kwa bega. Mkuku na mbao za ubavuni ni mbambakofi, mti uleule wa milango ya mjini, mzito na mchoyo kwa msumari, mpaka utoboe kwanza kwa keekee. Mataruma ni mlilana na mkomafi, na hayapindwi kwa moto wala mashine. Huendewa mikokoni likatafutwa tawi ambalo Mungu amekwisha lipinda. Fundi ana macho ya kutisha kwa hili. Alitazama rundo la matawi yaliyofanana yote machoni mwangu, akavuta moja, akalipunguza kwa tezo mara sita, likaingia mahali pake kama lililozaliwa hapo. Ramani hakuna. Kipimo ni shubiri, dhiraa, kamba yenye mafundo, na jicho lake.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huku Lamu. Boriti zake ndizo zilizojenga vyumba vyembamba vya mji wa kale, upana wa chumba ukiwa ni urefu wa boriti, na ndizo zilizovuka na majahazi mpaka Uarabuni, hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Marufuku ilikuwa na sababu, misitu ilikuwa inaliwa. Ila mzigo ulipokoma, majahazi makubwa yalikosa kazi. Leo fundi hutengeneza mashua za wavuvi na za wageni wanaotaka kutazama machweo. Jahazi kubwa jipya hajaombwa kwa muda mrefu, na hakutaka kutaja ni muda gani.

Alasiri alinionyesha kalafati. Pamba husokotwa, hulowekwa mafuta, hugongwa katika nyufa za mbao. Anayegonga husikiliza. Ufa ukijaa sauti hubadilika, na kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akifanya kazi hiyo aliweza kuniambia, akiwa amenipa mgongo, ni wapi mwenzake amebakisha tundu.

Alhamisi

Nataka niandike siku hii yote, hata sehemu inayoniuma.

Fundi alichagua vipande viwili vya mbambakofi vilivyobaki kwenye mbao za ubavuni. Alisema mato ya chombo hutoka kwenye mwili wake yakiwezekana. Alichora duara kwa bikari, ndani yake duara la pili la pambizo, kisha akaweka la babu kando akaanza kuhamisha mwezi. Hakuunakili kama ulivyo. Aliupanua kidogo, kwa sababu mashua ni ndogo kuliko jahazi na huonwa kutoka karibu. Nyota akaiacha na pembe tano. Shina la maua alilipunguza jani moja.

Mwendo wake ni huu. Kwanza hupitisha patasi nyembamba juu ya mstari wote, wima, kina cha ukucha, ili mti usipasuke kupita mpaka. Kisha hurudi na patasi pana aliyoilaza, akichimba kutoka usuli kuelekea mstari, ndipo ukuta unapolala. Hachimbi kina mahali ambapo nyuzi za mti zinakatika kichwani, maana hapo ndipo maji hunywewa. Pembe za ndani za nyota, ambazo mimi ningezichonga kali kwa ufundi, yeye huzizungusha kidogo. Chumvi ikikaa katika kona kali hula rangi, halafu hula mti. Akimaliza husugua. Siku hizi msasa ni wa dukani, lakini aliniambia mama yake alikuwa akiwachumia majani ya mti wa msasa, yenye kukwaruza kama ulimi wa paka, na hapo ndipo nilipojua jina lile limetoka wapi. Nimelitumia neno hilo kila siku ya maisha yangu ya kazi.

Adhuhuri la kushoto lilikuwa limekamilika, na akanipa la kulia nichonge mimi.

Nilipiga ruwaza kwenye karatasi kutoka la kushoto, nikaihamisha kwenye ubao. Nilichonga kwa makini kuliko nilivyowahi kuchonga kitu. Nililaza kuta. Nilizungusha kona. Nilimaliza jua likiwa linaelekea minazini, na niliona fahari. Fundi aliyachukua yote mawili bila kusema, akayapeleka kwenye omo, akampa kijana la kushoto alishike upande ule, naye akashika langu upande wa kulia. Akaniambia nisimame mbele.

La kushoto lilitazama bahari. Langu lilitazama nyuma, kwenye banda.

Nilikuwa nimechonga mato mawili ya kushoto. Katika kitanda, maua ya kichwani hurudiwa na hakuna anayedhurika. Chombo kina pande mbili zinazotazamana kama mikono, na ruwaza ya upande mmoja lazima igeuzwe. Nilifikiri kuliweka juu chini. Pembe za mwezi zingeelekea mbele, kweli, lakini maua yangeota kutoka mbinguni na nyota ingesimama kwa kichwa. Fundi alikuwa amekwisha fikiri hayo kabla yangu. Alilishusha langu polepole, akaliweka juu ya rundo la mbao safi, si kwenye takataka.

Kipande kingine cha mbambakofi cha upana ule hakikuwepo. Mimi ndiye niliyekimaliza. Sikuweza kula usiku.

Ijumaa

Leo hapana tezo. Baada ya sala nilikaa barazani na nahodha mmoja mzee ambaye aliwahi kuona, utotoni, vyombo vya kaskazi vikiingia Amu. Miezi ile upepo ulipovuma kutoka Uarabuni na Bara Hindi, alisema, mtoto alijua chombo kwa kichwa chake kabla ya kuona bendera. Bum ilikuja na omo iliyonyooka kama mkuki, haina pambo. Kotia ya Wahindi ilikuwa na kichwa kilichogeuka nyuma kama cha kasuku. Ghanja ya Sur, Omani, omo yake ilijikunja juu na kuishia kwenye nakshi ya majani matatu, na tezi yake, sehemu ya nyuma ya chombo, ilichongwa kama ukuta wa nyumba ya tajiri, madirisha na matao. Baadaye niligundua ghanja moja, Fatah al-Khair iliyoundwa Sur mwaka 1951, imehifadhiwa huko huko kwao.

"Na letu?" nilimwuliza.

"Letu omo wima, na mato. Mtu wa Unguja akiliona mbali husema: hilo la Amu."

Alizungumza kwa wakati uliopo. Sikumkatiza.

Mwezi mpevu ulitoka usiku, na watu wote kijijini walikuwa wanahesabu bamvua, siku za maji makubwa.

Jumamosi

Fundi aliamka na suluhisho. Nyuma ya banda kuna mzoga wa mashua ya zamani, mbavu nje, unaochukuliwa kidogo kidogo. Akakata kipande cha ubao kutoka ubavuni mwake. Ulikuwa mweusi, mkavu kama mfupa, na patasi ilitoa mlio wa juu tofauti na wa mti mpya. Safari hii alinifundisha karatasi. Unaichora ruwaza kwa wino mzito, kisha unaipaka mafuta ya nazi mpaka iwe kama kioo cha mvuke, mstari unaonekana pande zote mbili. Upande mmoja ni kushoto, upande wa pili ni kulia. Hutakosea tena. Alisema neno hilo mara moja tu na hakurudi kwenye kosa langu siku zote zilizobaki.

Nilichonga kuanzia alfajiri mpaka alasiri. Mti mkongwe hausamehe, ukisukuma kidogo unatoka kibanzi. Nilipofika kwenye nyota, mikono ilikuwa inatetemeka, nikaiacha dakika kumi nikaenda kuosha uso baharini.

Mgongo aliuchimba yeye kwa tezo, akilipeleka duara ubavuni na kulirudisha, akipaka mkaa kwenye chombo ili doa jeusi limwonyeshe wapi bado panagusa. Mara ya saba au ya nane likakaa. Kabla ya kupigilia, pande zote za mti zililoweshwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake itabaki kwenye shati langu mpaka Mombasa na zaidi. Kisha misumari minne, vichwa vikazamishwa na kufunikwa. Nyeupe ikatangulia, mwezi ukapakwa nyekundu. Chini, vijana walikuwa wakipaka deheni kwa mikono mitupu.

Jioni mazungumzo yaligeukia nyenzo. Mbao zinakwenda zikipanda bei, na wavuvi wengine wanaanza kutafuta boti za faiba. Vijana waliitaja Flipflopi, dau lililoundwa papa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa ufuoni na kufunikwa kwa ndara kuukuu, fundi wake mkuu akiwa Ali Skanda. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Zanzibar, kilomita karibu 500. Mmoja akauliza kama plastiki inachongeka. Mzee akajibu kwamba tezo ileile na mikono ileile ndiyo iliyolijenga, na anayejua kuchonga atachonga. Nilifikiri angelikemea jambo hilo. Nami nimelala nikilifikiri: ninachokihofia kuliko mbao kuisha ni siku ambayo mtu ataunda chombo na asione haja ya kukipa mato.

Jumapili

Bamvua huku hujaa alasiri, saa kumi na nusu hivi. Tangu saa nane watu walikuwa wakija, wavuvi, wanafunzi wa madrasa, kina mama waliosimama kivulini na sufuria za wali. Magogo yalipakwa mafuta. Kamba mbili zilifungwa, watu kama arobaini wakazishika, na mmoja mwenye sauti akaanza kuimba mstari ambao wengine waliupokea kwa kuvuta. Fatiha ilikuwa imesomwa mapema, kwa utulivu, na fundi ameishika tezi kwa kiganja kama mtu anayemtuliza mnyama.

Ilisogea shubiri moja. Ikasimama. Ikasogea tena. Nilikuwa kwenye kamba ya kulia, na kila tulipovuta, ito langu lilikuwa mbele yangu karibu ya uso, jeupe, likitazama maji. Mchanga uliishia, sauti ya magogo ikabadilika, halafu kamba ikalegea ghafla mikononi mwetu wote kwa pamoja, kwa kuwa mashua ilikuwa imeshika maji.

Maji yaliingia. Huingia siku ya kwanza, mpaka mbao zinywe na kuvimba. Vijana wawili walikuwa ndani wakifua ngama kwa makopo, wakicheka, na mwenye chombo amesimama majini mpaka kifuani akilia bila kujificha. Fundi alizunguka ufuoni mpaka mahali pa kuona pande zote mbili. Akakaa muda mrefu pale.

Jumatatu

Boti la Mokowe huondoka mapema. Fundi alinisindikiza mpaka mashua ya kwenda mjini, jambo ambalo sikutegemea. Nilimwomba nilipie kipande nilichoharibu. Alikataa.

"Hujaharibu. Umeniachia ito la kushoto, nimeliweka bandani. Atakayekuja kutaka chombo, la kwake la kushoto liko tayari. La kulia utakuja kulichonga wewe."

Kisha akanipa ile karatasi ya mafuta, imekunjwa mara mbili. Ndani ya basi, baada ya Witu, niliifungua nikaiinua dirishani. Kwa mwandiko wa madrasa ameandika upande mmoja *kushoto*, akaigeuza akaandika *kulia*, na jua lilipoipiga maneno yote mawili yalionekana, moja likisomeka na jingine likiwa kinyume. Duara la babu liko mapajani mwangu ndani ya leso. Nimempigia mjomba kutoka Garsen, mtandao ulipopatikana. Amesema nikifika nipitie kwake kwanza, anataka kuushika mgongo wake.